Nani Kamlisha Nabali?

Balaa lote lilianza kwa sababu binti wa Séraphine alikwenda kuhesabu mayai ya kasa.

Lazima umwelewe huyu mama kwanza. Alitoka Bukavu na mtoto mgongoni, akavuka mipaka mitatu, akakaa kambini miaka sita, akafika Stockholm mwezi wa Januari amevaa kandambili. Akashika ufagio. Kwa ufagio huo akamsomesha Gaëlle mpaka chuo kikuu. Watoto wa wenzake kanisani wakawa wauguzi, wengine madereva wa treni, mmoja akawa wakili mwenye ofisi yenye kapeti. Gaëlle akasomea viumbe vya baharini. Kisha akapata kazi kwenye kisiwa kimoja cha Karibi, kidogo kiasi kwamba kwenye ramani ya simu jina lake ni kubwa kuliko chenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka ufukweni na kuhesabu mayai ya kasa. Séraphine akiulizwa kanisani mtoto anafanya nini huko, alijibu, "Anatumikaka ku serikali," halafu akauliza habari za magoti ya mwenzake.

Kasa wangevumilika. Kisichovumilika ni vimbunga, ambavyo kisiwa kile kiko njiani mwavyo kama mtu aliyejenga katikati ya barabara.

Juu ya nyumba ya Séraphine, hapo Bredäng, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya sita, anakaa Yassir, kijana wa Tanga anayefanya kazi ya kompyuta huko Kista, mtaa wa maofisi. Séraphine naye anasafisha ofisi Kista, kwa hiyo asubuhi huongozana mpaka kituoni. Siku moja mwezi wa Juni, ndani ya lifti, alimuuliza hivi vimbunga hutoka wapi. Yassir ni mtu wa kupenda kueleza. Ukimuuliza saa, atakueleza saa inavyotengenezwa.

"Vinatoka kwetu, mama," alisema. "Afrika. Wimbi la hewa linazaliwa huko upande wa Ethiopia na Sudani, linakata bara zima kwenda magharibi, linatokea Senegali, linaingia baharini. Linaitwa wimbi la tropiki. Majira haya linatoka moja kila siku tatu, nne. Likikuta maji ya moto na likapata mzunguko, ndio kimbunga hicho."

"Kila siku tatu moja inatoka kwetu, inaenda kwa mutoto yangu?"

"Mengi yanafia njiani, mama Gaëlle."

"Mengi. Haiko yote."

"Si yote," Yassir alikubali, na hapo ndipo alipokosea. Angesema yote, msimu mzima ungepita kwa amani.

Juma lile lile Séraphine aliunda mnyororo. Watu wa makanisa yetu wanaujua mnyororo: mmoja anafunga na kuomba, akimaliza anampokeza mwenzake, na saa haipiti bila tumbo moja tupu mbele za Mungu. Hufanywa kwa ajili ya mgonjwa, au kibali cha kuishi kinachosuasua. Kufunga kwa ajili ya hewa iliyoko Senegali hakujawahi kusikika, lakini Séraphine hakuona tofauti. Toka wimbi linapoingia baharini mpaka ramani ya vimbunga ya Wamarekani ilifute, lazima mtu awe anafunga. Kanuni yake ilikuwa fupi: ukila wewe, limekula wimbi.

Walikuwa wanne. Séraphine mwenyekiti. Yassir mtaalamu, Mwislamu pekee katika mnyororo, aliyeingia kwa kicheko akisema, "Kufunga mnanifundisha nyinyi?" Katibu alikuwa Thomas, mtu wa Bukoba, mpana wa bega na tumbo, mwendesha foklifti katika ghala moja la Jordbro, ambaye huandika kumbukumbu za mkutano hata watu wakikutana kwenye ngazi. Wa nne ni mama Hortense wa Uvira, shemasi wa kanisa, miaka sabini na mbili. Yeye alipewa zamu ya usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Zamu hiyo kila mtu aliitamani, maana kufunga ukiwa umelala ni kazi nyepesi, lakini umri ni umri. Jioni ikifika, mwenye zamu ya mchana alimpigia simu akisema, "Nakukabidhi," naye hujibu, "Nimepokea," kwa sauti ya mtu aliyeshika ufunguo wa benki.

Kila wimbi lilipewa jina. Huwezi kukemea kitu kisicho na jina, alisema mama Hortense, na hapo hakuna aliyebisha. Thomas akapewa kazi ya kutafuta waovu ndani ya Biblia. Juni wakamuua Farao, Goliathi na Yezebeli. Julai wakamaliza Hamani, Herode na wote waliomtesa Danieli. Agosti waovu wakubwa wakawa wamekwisha, na Thomas akawa anasoma Mambo ya Nyakati kwa miwani miwili. Kufikia katikati ya Septemba mawimbi ishirini na mawili yalikuwa yametoka, na ishirini na mawili yalikuwa yamekufa, au yamepinda kwenda kusumbua samaki mbali na kisiwa. Yassir alijaribu kusema kwamba kwa kawaida mengi hufa yenyewe.

"Na siye tulikuwa tunafunga ao hatukufunga?" mama Hortense akamuuliza.

"Tulifunga."

"Basi!"

Wewe ungemjibu nini?

Wimbi la ishirini na tatu Thomas aliliita Nabali, yule tajiri mjinga aliyemnyima Daudi chakula. Alisema jina hilo linafaa kwa watu wenye njaa. Nabali aliingia baharini Jumatatu, akapewa alama ya njano kwenye ramani, uwezekano wa asilimia ishirini wa kuwa dhoruba ndani ya siku saba. Jumanne ishirini. Jumatano, zamu ya Thomas, ishirini. Alhamisi zamu ilikuwa ya Séraphine.

Sasa, ofisi za Waswidi zina kitu kinaitwa fika. Kwa macho ni kahawa na kitafunwa tu. Lakini mtu anaweza kukosa mkutano, akakosa kazi yenyewe, akasamehewa, fika hakosi. Msimu mzima Séraphine alikuwa akiikwepa kwa kujifungia chooni na ndoo yake. Alhamisi ile, saa nane kamili mchana, meneja wake Gunilla alikuja kugonga mlango wa choo.

"Séraphine, tunakusubiri wewe."

Ukumbini watu thelathini walisimama wakapiga makofi. Mezani kulikuwa na keki ya kijani, mviringo, imefunikwa marzipani ya lozi na sukari, laini kama shuka iliyopigwa pasi, na juu yake waridi moja na kibendera cha Kongo. Ile Kongo nyingine, lakini nia njema ilionekana. Alikuwa ametimiza miaka kumi na moja kazini, na yeye mwenyewe hakukumbuka.

"Asante sana," alisema. "Nitaangalia tu."

Gunilla akauliza kama ni ngano inayomsumbua. Mtu akatoka mbio akarudi na keki isiyo na ngano. Hapana, si ngano. Basi ni maziwa? Ikaja isiyo na maziwa. Mayai? Sukari? Kijana wa ghorofa ya tatu akaja na ndizi mbivu kwenye sahani, akaiweka mbele yake kama mtu anayemtegea sungura. Kila alivyokataa, meza ilijaa, na nyuso zikazidi kuwa na huruma.

"Nafunga," Séraphine akasema mwishowe.

"Oh! Mpaka lini?"

"Mpaka wimbi life."

Gunilla akamshika mkono, akamuuliza kwa upole kama angependa kuongea na mtu. Waswidi wakikuuliza hivyo, maana yake kuna fomu inakuja. Séraphine akatazama nyuso zile thelathini, akatazama jina lake lililoandikwa kwa krimu, akachukua kijiko. Gunilla akafurahi mpaka akapiga picha.

Ilikuwa tamu. Tuseme ukweli: ilikuwa tamu kupita kiasi, na tumbo lake lilikuwa na miezi mitatu ya manung'uniko. Kipande cha kwanza alilazimishwa. Cha pili hakuna aliyemlazimisha.

Saa kumi na mbili jioni alimpigia mama Hortense. "Nakukabidhi," alisema, na sauti haikutetemeka, jambo lililomwogopesha kuliko yote. Saa mbili usiku Wamarekani wakabadilisha ramani. Nabali alikuwa mwekundu. Asilimia sabini.

Séraphine aliketi juu ya kitanda na simu mkononi. Mipaka mitatu, alifikiri. Nimemvusha mipaka mitatu, nimekuja kumuua kwa keki.

Ijumaa Nabali akawa dhoruba kamili. Wamarekani wakampa jina lao, jina la mtu wa heshima, lakini mnyororo haukulitambua. Jumamosi wakaitana kwa dharura kwenye chumba cha kufulia.

Walikuwa wakikutana hapo tangu Juni, chini kabisa ya jengo. Ukikutana nyumbani kwa mtu ni lazima apike, na kupika katikati ya mnyororo ni kujitafutia majaribu. Chumba cha kufulia ni bure, unajiandikisha saa tatu nzima ni zako, ila sharti ufue kitu, la sivyo majirani watabandika karatasi mlangoni yenye alama za mshangao. Kwa hiyo kila mkutano mama Hortense alileta mapazia yake. Juni yalikuwa bluu. Sasa rangi yake haikuwa na msimamo.

"Nabali amekula," mama Hortense alifungua kikao. "Nani kamulisha?"

Yassir alifungua kompyuta yake juu ya mashine ya kukaushia. Kwanza akaeleza, maana lazima aeleze. Wimbi, alisema, ni kama nguo zilizotupwa ndani ya mashine. Zimelala tu, hazina shida na mtu. Lakini maji yakipata moto, zikaanza kuzunguka... Na wakati huo huo mashine ikaanza kuzungusha mapazia kwa kishindo, na mama Hortense akaikemea kwa jina la Yesu. Ikabidi wasubiri imalize.

Kisha Yassir akawaonyesha mstari aliouchora wa asilimia za Nabali. Jumatatu umelala, Jumanne umelala, Jumatano umelala. Alhamisi umelala mpaka saa nane mchana. Kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku umesimama wima kama ngazi.

Thomas akafungua daftari la zamu, akaweka kidole kwenye Alhamisi, mchana. Hakusoma jina. Wote walilijua. Mama Hortense akaanza kuhesabu vibanio vya nguo. Yassir akapunguza mwanga wa kompyuta, kana kwamba mstari ukififia jambo lenyewe litafifia.

Wahenga wanasema nyani haoni kundule. Huyu aliliona vizuri, akalikalia. Séraphine alikuwa mwenyekiti, alikuwa mzazi, alikuwa ndiye aliyemfokea Yassir mwezi wa Julai kwa kulamba kijiko. Alifungua kinywa. Alitaka kukiri, Mungu ni shahidi. Kilichotoka ni: "Tunatafuta mutu mwenye alikula. Aseme tu. Hatutamupiga."

Thomas akakohoa.

"Ni mimi," akasema. "Jumatano. Pale Jordbro kuna kibanda nje ya ghala. Soseji mbili."

"Jumatano mstari umelala, kaka," Yassir alisema.

"Na haradali," Thomas akaongeza. "Kwani hewa haichelewi? Wewe ndiye mtaalamu. Mtu akila soseji leo, habari inafika kule siku hiyo hiyo?"

Yassir akamtazama Thomas. Akatazama mabomba ya darini. "Huchelewa," alisema. "Kama saa ishirini na nne hivi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama Hortense akasema, akilitazama tumbo la Thomas kana kwamba lilikuwa shahidi wa pili. Akapendekeza hukumu: Thomas afunge kila siku, mchana kutwa, peke yake, mpaka Nabali afe. Mwenyekiti ndiye aliyepaswa kuithibitisha.

"Aksanti kwa kusema kweli, ba Thomas," Séraphine alisema. Alipopanda ngazi kurudi nyumbani alijichukia waziwazi, kwa sauti, kila ngazi na tusi lake.

Jumapili Nabali akawa kimbunga, akaelekea kisiwani moja kwa moja kama mtu aliyepewa anwani. Gaëlle alipiga simu jioni. Walikuwa wanahamishiwa kwenye shule iliyo mlimani, watu arobaini na mbuzi wa mwalimu mkuu. Alizungumza Kiswidi, kama kawaida yake. Kiswahili cha mama yake alikielewa chote lakini hakukitoa.

"Mamma, har du ätit?" aliuliza. Umekula?

Mtoto anakimbia kimbunga, anauliza kama mama yake amekula. Séraphine alifumba macho. "Nimekula," alisema, na hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza alilosema juma zima.

"Najua," Gaëlle akacheka. "Maana niliona—"

Simu ikakatika. Haikurudi Jumapili wala Jumatatu. Séraphine hakulala, hakula, hakuomba pia, maana alihisi hana uso wa kuomba nao. Alishinda akiipiga deki sakafu ambayo tayari ilikuwa imepigwa deki. Alikwisha kuifuta Facebook na kila kitu kwenye simu msimu ulipoanza, ili picha za setilaiti zipate nafasi. Sasa alikuwa akilitazama lile duara jeupe lenye jicho katikati likipita juu ya jina la kisiwa, na jina halikuonekana tena.

Jumanne saa kumi jioni ukaingia ujumbe wa Kiswidi: *Mzima. Hakuna umeme. Usipige.*

Alipiga magoti jikoni akalia mpaka jirani wa chini akagonga dari. Jicho la Nabali lilikuwa limepita kaskazini ya kisiwa, kilomita themanini. Lilibeba paa la kibanda cha kasa na viti vya kanisa moja, basi.

Ungedhani yamekwisha. Lakini hukumu ilisema mpaka Nabali afe, na Nabali hakufa. Alipinda kaskazini, akapoteza jicho, akapoteza jina, akashika njia ya kuvuka Atlantiki kurudi upande huu.

"Si kimbunga tena," Yassir aliandika kwenye kundi la simu. "Ni mgandamizo mdogo tu wa hewa."

"Iko hai ao imekufa?" mama Hortense akaandika.

"Ipo hai."

"Basi Thomas afunge."

Thomas akafunga. Alhamisi Séraphine alikutana naye nje ya kituo cha Bredäng, anatoka zamu. Suruali ilikuwa imeshikwa na mkanda wenye tundu jipya, limetobolewa kwa msumari. Uso ulikuwa umepungua hata masikio yakaonekana makubwa.

"Ba Thomas," alianza.

"Mtoto mzima, mama Gaëlle. Hilo ndilo la kushukuru."

"Lakini ile soseji..."

"Ya soseji yameshapita." Akatabasamu, akaangalia saa, akaangalia duka la mikate kwa jicho la pembeni, akaondoka haraka.

Hofu ilikuwa imemtoka Séraphine; sasa aibu ilipata nafasi ya kunyoosha miguu. Mtu aweza kudanganya kwa sababu anamlilia mwanawe. Lakini mwana yu mzima, na mwanamume wa watu anakonda. Kila asubuhi alijiambia leo nitasema. Kila jioni alitazama ramani akimwomba Nabali, kwa unyenyekevu kabisa, afe. Nabali akapita Ayalandi.

Jumapili umeme ulirudi kisiwani, na Gaëlle akapiga simu ya video. Amechomwa na jua, amekatwa kidogo kwenye paji, anacheka. Mayai mia moja na kumi yamesalimika. Mama yake akasema Mungu ayabariki mayai, na kwa mara ya kwanza alimaanisha.

"Usiku ule shuleni, mamma," Gaëlle akasema kwa Kiswidi chake, "upepo ulipokuwa unang'oa madirisha, nilikuwa naitazama picha yako. Kabla betri haijaisha niliitazama mara mia."

"Picha gani?"

"Ya keki! Gunilla aliiweka Facebook, akakutaja jina. Majira yote haya unaniambia huli kwa ajili yangu. Unajua ninavyojisikia? Nimelala sakafuni na mbuzi, nasema, nikifa leo, mama yangu atakufa njaa kwa sababu yangu. Halafu naiona ile picha. Una krimu puani, mamma. Unacheka. Nikasema basi, mama amekula, naweza kulala. Nikalala."

Séraphine alikaa chini.

"Nani mwingine ameiona hiyo picha?"

"Kila mtu. Mama Hortense ameweka mioyo mitatu. Yassir dole gumba." Gaëlle akasogeza kidole kwenye simu. "Wa kwanza kabisa ni ba Thomas. Alhamisi ile ile, saa nane na dakika ishirini na sita."

Jumatatu Séraphine alikwenda kwenye duka la mikate, akanunua keki ya kijani ya watu kumi na wawili, akajiandikisha chumba cha kufulia kuanzia saa kumi alasiri. Nje hali ilikuwa mbaya. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari ya njano. Mapipa ya taka yalikuwa yanatembea yenyewe uani, na mvua ilikuja ya ubavu, ya vuguvugu, mvua isiyo na adabu za Stockholm. Mama Hortense alikuja na mapazia. Thomas alikuja na daftari. Yassir alikuja amelowa, akasema, "Jamani, huyu aliyeko nje ni yeye."

"Nani?"

"Nabali."

Séraphine hakusubiri kikao kifunguliwe. Alisimama kati ya mashine mbili, mikono imeshikana.

"Ni mimi njo nilimulisha Nabali," alisema. "Alhamisi. Ku kazi. Kipande cha kwanza balinilazimisha. Cha pili nilikula mwenyewe, na kama bangeniachia ningekula cha tatu. Nikaacha mutu ateswe bure. Na mulijua. Bote mulijua!"

Hakuna aliyeshtuka. Yassir alitazama viatu vyake. Mama Hortense aliendelea kutia mapazia ndani ya mashine, moja moja.

"Mutoto yako alikuwa ndani ya mupepo," alisema bila kugeuka. "Mama mwenye mutoto iko ndani ya mupepo, batu habamuhukumu. Tungekuhukumu namna gani, weye?"

"Na wewe, ba Thomas? Siku kumi!"

"Tisa," Thomas alisema. "Mama Gaëlle, kazi ya katibu ni kusahihisha kumbukumbu." Halafu macho yake yakaiangukia keki, na hayakuinuka tena.

Séraphine alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana ni jambo gumu kusamehewa kabla hujaomba. Yassir alipanda juu ya kiti akafungua kidirisha kilicho usawa wa ardhi ya uani. Upepo ukaingia na majani na harufu ya bahari ambayo haikuwa ya hapa. Wote wanne wakainua nyuso.

"Ametoka kwetu," mama Hortense alisema. "Amezunguka dunia mzima, amebadilishwa majina, amefika Bredäng. Hata yeye."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Thomas. Kisha, kwa sauti ndogo: "Lakini amekufa? Maana saa kumi na mbili haijafika, na hukumu ni hukumu."

Yassir alitazama simu. "Anakufa kesho. Atafia Finland."

"Finland bajifungie benyewe," mama Hortense akakata shauri. "Kata keki."

Séraphine akakata. Thomas alipokea kipande cha kwanza kwa mikono miwili, akafumba macho akaomba, akala. Akala cha pili kabla wengine hawajapata vijiko. Mama Hortense akapiga picha, akampelekea Gaëlle, na jibu likaja kabla mashine haijaanza kuzunguka: kasa mmoja na moyo.

Kwenye kipande cha tatu Thomas alipunguza mwendo. Alifuta mdomo.

"Lakini zile soseji," alisema, akiitazama sahani, "nilikula kweli."

"Jumatano?" Yassir aliuliza.

"Jumatano. Mbili. Na haradali."

Mvua iliingia kidogo kidirishani ikamlowesha mama Hortense kichwa, na hakusogea. Mpaka leo Séraphine hajui kama mtu yule alisema kweli au alikuwa anaendelea kumbebea mzigo. Alimtazama sana. Alitazama tundu jipya la mkanda. Kisha akachukua kisu, akamkatia kipande chenye waridi.